Anajiita Mzuka wa Kihonda: je, ni singeli ndo imembadilisha mwanangu?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15 yuko form two. Toka mwaka jana ni singeli asubuhi singeli jioni, anaongea harakaharaka simuelewi, nikimwita we mtoto haitiki mpaka nirudie mara tatu, anataka aitwe Mzuka wa Kihonda, Kihonda ndo mtaani kwetu huku. Juzi nimekuta nyuma ya daftari la bayolojia kajaza mashairi yake, kuna sehemu kaandika "home naitwa we, kitaa naitwa jina", niliumia maana mi ndo namlipia kila kitu. Na sasa anaomba ruhusa ya kwenda vigodoro, zile ngoma za usiku kucha mtaani. Naomba kujua ni hizi nyimbo ndo zinambadilisha au ni umri? Na nikimnyang'anya simu na spika itasaidia? Mi naona hizi nyimbo zinaharibu watoto wa watu.

JIBU: Marahaba dada yangu, japo hiyo shikamoo imenizeesha, mi mwaka 1998 nilikuwa form three tu. Nimefundisha sekondari miaka kumi na kitu na muda mwingi nimekaa kwenye kale kachumba ka ushauri nasaha ambako watoto wanaletwa wakishachapwa, saikolojia nimeisoma chuoni ndio, ila ya nyimbo na vijana nimeyajulia mule, kwenye madaftari yanayoletwa kama ushahidi. Kwaiyo la kwako sio geni, la kwako ni la kila jumatatu.

Kwa kifupi ni umri na ni nyimbo, vyote viwili. Ila wimbo haufanyi kazi kama wazazi wengi wanavyodhani, kwamba ni sumu, inaingia sikioni inashuka moyoni alafu mtoto anakuwa vile wimbo ulivyosema. Iko hivi. Ukiangalia muvi unamwangalia yeye, yule jambazi ni yeye, yule mpenzi ni yeye, we umekaa kwenye kochi lako. Ila wimbo ukiupenda unauimba, na ukiuimba unasema mimi. Mimi nimeachwa, mimi sina kitu, mimi mtoto wa Tandale, mimi noma. Maneno katunga mtu ambaye hujawahi hata kumuona, mdomo ni wako, na sio mara moja, ni mara mia mbili kwa mwezi, bafuni, njiani, ukideki. Hakuna mahubiri wala nasaha ya mzazi ambayo mtoto atairudia mara mia mbili kwa hiari yake huku akijiita mimi. Na hayo yote anayafanya kwenye umri ambao yule mwanasaikolojia Erik Erikson aliuweka kwenye miaka 12 mpaka 18 hivi, akasema kazi kubwa ya mtu kipindi hicho ni kutafuta mi ni nani, na kabla hajalipata jibu anajaribisha majibu, kama mtu aliyeinamia rundo la mitumba pale Karume, anavaa shati juu ya shati, hili linabana, hili limepauka, hili sio langu, ebu hili.

Sasa usiniambie hii ni ya watoto. Fungua kabati lako toa kanga. Jina la kanga hulisomi tu, unalivaa, na ukilivaa ukapita nalo mbele ya mlango wa jirani basi we ndo umesema, hata kama limeandikwa kiwandani na mtu asiyekujua. Na taarab je? Umeshakaa ukumbini ukaona mwimbaji akifika kile kipande chenyewe, mama mmoja anainuka kwenye kiti polepole, noti kaishika kwa ncha za vidole viwili juu juu hivi, anatembea kama hana haraka na dunia, hamwangalii mwimbaji hata kidogo, anamwangalia mtu aliyekaa meza ya tatu kutoka mlangoni, anatunza, anageuka, anarudi na shingo yake. Kaimba Khadija Kopa ila ukumbi mzima unajua kasema nani na kamwambia nani. Kijana wako akiweka kipande cha singeli kwenye status ya WhatsApp anafanya hichohicho, yeye hana noti tu. Na babu zetu nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye miji ya pwani walikuwa na ngoma ya beni, wakajigawa Marini na Arinoti, wakavaa sare wakajipa vyeo vya kizungu, mtu akiulizwa we nani jibu la kwanza ni ngoma anayocheza.

Turudi kwenye jina maana naona ndo limekuuma. Mi shuleni nilichonga jina la 2Pac, yule rapa wa Marekani, kwenye dawati kwa bikari, alikuwa ameshakufa mwaka 1996 lakini huku ndo kwanza tunamvaa kifuani na kumchora kwenye daladala. Kiingereza chake nilikuwa sikielewi hata robo, naapa, nilikuwa naimba sauti tu, maneno nayajaza mwenyewe. Nilichokuwa nakielewa ni kwamba huyu jamaa hamwogopi mtu, na mi nilikuwa naogopa karibu kila mtu, kuanzia baba. Alafu mwaka huo wa 1998 niko form three ikatoka Hali Halisi ya rapa wetu Mr. II, kwa Kiswahili, inaongelea maisha ya hapahapa, na kitu kikageuka kichwani. Kumbe mimi inaweza kusemwa kwa lugha ninayoombea chumvi nyumbani. Saleh J alikuwa kashaanza mapema mwanzoni mwa miaka ya 90, alichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaipiga maneno ya Kiswahili, ila kwa sisi wa rika langu wa mikoani Mr. II ndo aliyetufikia.

Na umfuatilie huyohuyo Mr. II. Alianza kama 2-Proud, albamu yake ya 1995 ikaitwa Ni Mimi. Ya 1998 ikaitwa Niite Mr. II. Umeona hayo majina? Ni mimi, niite. Alafu akaishia kuitwa Sugu. Au Joseph Haule, kwenye kundi la Hard Blasters alikuwa Nigga Jay, jina la kuazima kabisa la watu wa mbali na historia yao, baadae akajibadili akawa Professor Jay na ndo jina alilotokea nalo na Ndio Mzee, ule wimbo wa mgombea anayeahidi mpaka vichekesho. Hawa walikuwa watu wazima wenye akili zao na bado walivua jina wakavaa lingine mbele ya nchi nzima, kwaiyo wa kwako akikaa na Mzuka wa Kihonda mwaka mmoja unusu sio ajabu. Muziki wenyewe ulikuwa unaitwa wa kihuni, wazazi wetu hawakuuita bongo fleva, waliuita uhuni, na wahuni hao Sugu akaingia bungeni 2010 kwa Mbeya Mjini, Professor Jay 2015 kwa Mikumi hapohapo mkoani kwako, rapa mwenzao MwanaFA 2020 kwa Muheza na baadae akawa naibu waziri. Sikwambii wako atakuwa mbunge, wengi waliochonga madawati na mimi sasa wanaendesha bodaboda na wengine ndo wanaokagua mahesabu huko. Nachosema ni kwamba jina la jukwaani halikuwa mwisho wa mtu yeyote kati ya hao.

Sasa angalia na hiyo sehemu ya pili ya jina, wa Kihonda. Singeli imetoka Manzese, Tandale na mitaa ya namna hiyo ya Dar, imelelewa na muziki wa mchiriku na ngoma za harusi za uswahilini, mapigo yanapita 200 kwa dakika ndo maana unaona mtoto anaongea kama anakimbizwa. Mitaa hiyo kwenye habari inatajwa kwa mafuriko na vibaka. Alafu anakuja MC anautaja mtaa kwa sifa, anataja na kona, anataja na washkaji zake kwa majina, na mtoto aliyezaliwa pale kwa mara ya kwanza anasikia anapotoka pakitajwa kama mahali pa kutokea watu. Temeke ilipita njia hiyo mapema, kina Juma Nature walipoanza kusema TMK, vijana mpaka wa Singida huko wakawa wanaandika TMK kwenye mabegi, hata daladala ya Temeke hawajawahi kuipanda. Kenya nako ndo hivohivo, mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, neno limechanganywa Kijaluo na Kiingereza kwamba mimi sitishiki, na lilianza kama majigambo ya vijana wawili likaishia kwenye kampeni za NARC, ule muungano wa vyama vya upinzani, nchi nzima inaliimba. Wako kashaiweka Kihonda. Hajajiita wa Marekani. Mi ningefurahi.

Kuna kitu kingine ambacho nyimbo zinafanya nacho wazazi hawakioni, zinaleta neno kwa mtu ambaye hakuwa na neno. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, ntamficha, kijana msafi, sauti laini, shati limenyooka, anapaka mafuta mikono mpaka kwenye viwiko. Zamani hizo mtoto wa kiume shuleni alitakiwa awe msela, suruali imekunjwa mguu mmoja, unatembea kama una kidonda, na asiyekuwa hivo anaitwa demu, huyu aliitwa demu form one nzima na form two nzima, alikuwa anakuja kwangu kulia. Kufika miaka ya 2010 hivi Bob Junior akawa yuko juu na studio yake ya Sharobaro Records, ile ambayo Diamond alirekodia Kamwambie, na akajiita rais wa masharobaro, yani vijana watanashati, na hilo neno likasambaa kama moto wa kiangazi. Wiki chache tu yule kijana akawa sharobaro. Hakubadilisha kitu, mafuta ni yaleyale, pasi ileile, ila sasa alikuwa na jina, na jina lina wimbo, na wimbo unapigwa redioni. Waliomwita demu wakaanza kumuazima kioo. Neno baadae likachuja likawa la kucheka watu kama maneno yote, lakini yeye alishavuka nalo mto.

Na upande mbaya upo, nisikudanganye. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mmoja wa Marekani kwenye jarida la madaktari wa watoto, waliwafuatilia vijana 1,461 wa miaka 12 mpaka 17, wakajaribu kuondoa sababu nyingine zote wanazoweza kuzipima, na walichokuta ni kwamba waliosikiliza sana nyimbo za ngono zinazomdhalilisha mtu, yani mwanamke ni kitu na mwanaume ni mnyama asiyejizuia, walianza ngono mapema zaidi. Ila subiri, nyimbo za mapenzi na hata za kitandani ambazo hazidhalilishi mtu hazikuonekana kuwa na athari hiyo. Kwaiyo swali sio kuna matusi au hakuna, swali ni huyo mimi wa kwenye wimbo anamchukulia vipi mwenzake. Na hapa mi wasiwasi wangu mkubwa ni kwa mabinti kuliko kwa wavulana maana mabinti wanaimba nyimbo za wanaume kwa sauti zao, mtoto wa kike wa form two anasimama dirishani anaimba demu huyu nimemtumia nimemuacha, mimi ndani ya huo wimbo ni mwanaume, sasa yeye yuko wapi? Kama una binti hapo katikati ya hao watatu, huyo ndo wa kukaa nae kwanza.

Lakini pia usidhani kila neno linaingia. Watafiti wawili wa California, Prinsky na Rosenbaum, mwaka 1987 waliwauliza wanafunzi hizi nyimbo mnazozipenda zinahusu nini, wapo wengi tu walioshindwa kueleza, na yale mambo ya kutisha ambayo wazazi walikuwa wanayapigia kelele watoto hawakuwa hata wameyaona. Sawa na mimi na 2Pac. Ndo maana kabla hujaogopa wimbo muulize anaimba kipande gani, sio wimbo gani. Mtoto anaweza kupenda wimbo mzima kwa ajili ya mstari mmoja, na ule mstari ndo unaosema kuhusu yeye.

Umeandika pia kwamba nyimbo zinaharibu watoto wa watu. Kuna mwanasosholojia aliitwa Davison aliandika mwaka 1983 kwamba sisi binadamu huwa tunaona redio na magazeti yanawabadilisha wenzetu kuliko yanavyotubadilisha sisi. Kila mzazi anayekuja kwangu ananiambia nyimbo zinaharibu watoto, namuuliza na wewe ulipokuwa form two ulikuwa unasikiliza nini, anacheka, anataja, alafu anasema ila zetu zilikuwa na ujumbe. Hahaha. Zenu zilikuwa uhuni mama, nilikuwepo.

Haya sasa tufike kwenye daftari la bayolojia. "Home naitwa we, kitaa naitwa jina." We umeisoma kama dharau, na naelewa, unalipa ada unalipa umeme alafu unaandikwa hivo. Ila rudi kasome swali lako mwenyewe ulilonitumia. Umeandika, nikimwita we mtoto haitiki. Swali zima lina mistari karibu kumi na jina lake halimo, najua jina lake la kitaani tu, lile alilopewa na baba yake au bibi yake au na wewe silijui mpaka sasa. Sikulaumu, nyumbani kwetu na sisi tulikuwa we na nyie, mama zetu walituita wote watano kwa pumzi moja. Lakini yule mtoto hakuinakili hiyo mistari kwenye wimbo wa mtu, mi singeli nazisikiliza kwa kazi yangu hii na sijaisikia popote, kaitunga. Wimbo umempa mapigo na umempa ruhusa ya kusema mimi, ila alichokisema ni cha humohumo ndani kwako. Na kusema kweli kama mwalimu, mstari ni mzuri. Una mizani, una pande mbili zinazopigana, na hana hata miaka 16.

La simu na spika. Ukinyang'anya atasikiliza kwa mwenzie, na wimbo ulionyang'anywa unakuwa mtamu. Unakumbuka ule wimbo unaoitwa Mwanza wa Rayvanny na Diamond? BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, waliufungia Novemba 2018, Desemba wenyewe wakaupiga jukwaani hukohuko Mwanza wakafungiwa na wao, na mi darasani kwangu watoto ambao walikuwa hawaujui wakaujua wiki hiyo, mpaka mtoto wa mchungaji. Weka masharti ya muda, usiku simu inalala kwako, wakati wa kusoma spika inazimwa, hilo ni la kawaida la nyumba yoyote na halina uhusiano na singeli. Usilifanye liwe vita ya singeli maana hapo unamlazimisha achague kati yako na jina lake.

Vigodoro hapana. Ana miaka 15, kile ni kitu cha usiku kucha barabarani, pombe zipo, watu wazima wapo, visu vinakuwepo, na hapo hatuongelei tena utambulisho tunaongelea usalama, kwaiyo mwambie hapana kwa sababu ya usiku, na usiseme kwa sababu ya muziki, atajua tofauti. Kukiwa na shughuli ya mchana mtaani, harusi au mashindano ya shule, mwache ashike maiki, na kama una moyo nenda ukasimame nyuma huko.

Kitu kingine cha kuangalia, nakitaja haraka: akiacha kula na wenzake, akijifungia siku nyingi na nyimbo za kufa kufa, akianza kukosa shule, au ukisikia harufu usiyoielewa kwenye nguo, hapo nyimbo waache, mpeleke akaongee na mtu haraka. Kwa ulivyoandika sioni hayo. Mtoto anayejaza ukurasa wa nyuma kwa mashairi yuko hai kabisa.

Na hilo daftari lirudishe kwenye begi kama ulivyolikuta, usimwambie umelisoma, sio leo. Siku ukienda sokoni pitia stationari mnunulie kaunta buku ya kwaya mbili, mpe, mwambie bayolojia ibaki bayolojia. Juu ya jalada usiandike kitu. Jina mwachie aandike mwenyewe.